Mwiba Ulioondolewa Riwayani

Nilikuwa Chumbageni kwa fundi viatu habari iliponifikia: mwandishi wetu wa riwaya, mtoto wa Maramba aliyeishi Ulaya miaka mingi, amefariki dunia baada ya kuugua. Wiki iliyopita tulimzika kwao, karibu na wazazi wake. Nilihuzunika, sikatai. Lakini nimerudi kutoka mazishini na moyo mweupe kuliko niliokwenda nao, na wasomaji wangu wa siku nyingi mna haki ya kujua kwa nini.

Niliwahi kuandika katika safu hii hii kwamba bwana yule anawauzia Wazungu umaskini wetu. Niliandika kwa kujiamini sana, nami nilikuwa sijafungua hata ukurasa mmoja wa vitabu vyake. Alipokuja likizo alinitafuta mpaka mkahawani Usagara. Nikajiandaa kwa ugomvi. Yeye akaagiza chai, akacheka, akasema, "Kaka, twende nyumbani ukaonane na mhariri wangu."

Mhariri mwenyewe alikuwa dada yake mkubwa, mkulima, asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji. Tulimkuta uani anamenya mihogo. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanieleza kazi yake. Kila sura, kabla haijaenda kwa mchapishaji, mdogo wake alimpigia simu akamsimulia kwa Kiswahili, naye akasahihisha.

"Kuna siku kaniletea sura, baba yetu kachomwa na mwiba wa mkonge, damu chapachapa," alisema. "Nikamwambia, weye, huyo baba wa wapi? Baba alikuwa akikata mwiba wa ncha kwanza, ndo akate jani, mbebaji asije akaumia. Miaka yote ile shambani hakuna aliyechomwa na jani lake. Wataka watu wamwone baba hajui kazi?"

Kumbe damu ile ndiyo aliyoipenda mchapishaji kuliko yote. Alisema bila hiyo kitabu hatakichapa. Mwandishi akachukua mswada wake akaondoka, akahangaika muda mrefu mpaka akapata mchapishaji mwingine. Riwaya ikatoka na baba yule ameinama kondeni, anakata mwiba, anakata jani, kazi safi. Niliisoma kwa aibu, kisha kwa furaha. Wengi tuliozaliwa mashambani tukifika ugenini hukimbilia kuonyesha makovu, maana makovu yana wasikilizaji. Ujuzi wa wazazi wetu tunauacha nyumbani, na yeye aliusafirisha.

Tukiwa bado matangani, mchapishaji wake yule wa pili alipiga simu kutoka Ulaya. Marehemu ameacha riwaya iliyokamilika. Je, familia inaruhusu itoke? Mkalimani nikawa mimi. Dada alifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema taratibu, "Sura tatu za mwisho hakuwahi kunisimulia. Haitoki mpaka nizisikie."

Nikafasiri neno kwa neno. Upande wa pili wakakubali. Sura hizo zimeshanifikia, na aliyeteuliwa kumsomea dada kwa Kiswahili ndiye huyu huyu aliyemsema marehemu bila kumsoma.

Basi nimejifunza nikiwa na mvi tayari: kabla hujasema mtu amewauza watu wake, uliza kwanza ni nani kwao anayemsikiliza kabla ya dunia. Dada ameniagiza nifike Jumamosi mapema, na nisitie chumvi.