Namwinga na Ufa wa Chini ya Mikuyu

Namwinga, wifi yangu, alivunja kokoto miaka thelathini juu ya makorongo ya maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, na sijaona mtu anayeujua mwamba kama yeye. Akigonga jiwe jeusi likalia kama kengele, analiacha. Likitoa sauti butu, anajua ndani lina vitundu na vijiwe vyeupe, litapasuka kwa pigo moja. Sisi wengine tuliishia kujigonga vidole.

Maji tuliyafuata chini korongoni, na kupanda na ndoo kichwani ni saa nzima. Mwaka ule binti yake, Chipego, aliteleza huko akavunjika nyonga. Kwa hiyo gari la kuchimba visima lilipofika Oktoba, Namwinga alipiga vigelegele kuliko sote.

Shimo la kwanza lilitoa vumbi. La pili, vumbi tupu. Msimamizi, Hamusonde, akatangaza kwamba limebaki moja tu, nalo likiwa kavu anahamia kijiji kingine. Akaweka alama kando ya barabara, gari lisipate tabu. Nilitamani kumchapa.

"Hapo hakuna kitu, baba," Namwinga akamwambia. "Toboa kule kwenye mikuyu."

"Mama, wewe vunja kokoto zako. Mimi nina vipimo."

"Vipimo vimekupa vumbi mara mbili! Hayo makorongo unadhani yalichongwa na nani? Mto ulikuta ufa wenye udongo laini, ukaula, maporomoko yakarudi nyuma. Ukakuta mwingine, ukaula nao. Sasa korongo likiisha, ufa hauishi, unapita chini ya mchanga huu. Itazame mikuyu ilivyo kijani na kiangazi hiki, tena imejipanga kama imepigwa uzi."

Hamusonde akacheka, akawaita vijana washushe mtambo.

"Hebu, ukoo wenu ni upi?" Namwinga akamuuliza.

"Fisi."

Weee! Sisi ni ukoo wa mbuzi, na fisi na mbuzi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani hakasirikiwi, hata akikupaka tope msibani. Namwinga akaenda akaketi juu ya ile alama, akanyoosha miguu.

"Fisi wewe, mla mizoga! Leo mbuzi amekukalia. Nitoe basi!"

"Mbuzi mzee, nyama yako ngumu, hata mimi siitaki. Inuka!"

"Nitainukia mikuyuni."

Watu wakaangua kicheko. Hamusonde alijipangusa jasho, akazunguka gari, mwishowe akasalimu amri. "Haya. Maji yakikosekana, kijiji kijue ni mbuzi aliyewanyima."

Mtambo ulipoanza kutoboa mikuyuni, utani ukamwisha wifi yangu. Mita kumi, ishirini, thelathini, vumbi jeusi. Wanawake walianza kumtazama vibaya.

Kwenye mita arobaini mlio wa mtambo ukawa butu.

"Sikia!" Namwinga akasema.

Vumbi likageuka tope jekundu, kisha maji yakaruka kupita vilele vya mikuyu, yakatunyeshea pamoja na vijiwe vyeupe. Tulipiga kelele, tukacheza, tukalia. Hamusonde alivua kofia yake ngumu akamvisha Namwinga. "Mbuzi, umenitafuna mzimamzima!"

Namwinga alijaza ndoo, akambebea Chipego aliyekuwa ameegemea fimbo yake, akaitua miguuni pake.

"Kunywa, mwanangu. Kesho hashuki mtu."