Kidonge cha Treni

Mnisamehe kwa mwandiko mbaya na herufi ninazokosea. Shule niliishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni polepole.

Juzi nilipita stesheni ya Moshi nikaona mabehewa ya abiria yameota nyasi, viti vya mbao vingali ndani. Nikakumbuka mchana ule nilipokaa na mama kwenye kiti kama hicho, safari yangu ya kwanza ya treni, tunakwenda Korogwe kwa bibi. Palinuka grisi na ndizi za kuchoma. Tulingoja sana.

Mzee wa stesheni akapita madirishani. "Shukeni jamani, kichwa kinaumwa."

Sikujua kwamba kichwa ni injini. Nilidhani treni inaumwa kichwa kama mama. Nilikuwa na haya, lakini nilifungua fundo la khanga yake nikatoa kidonge.

"Shikamoo babu. Ipe hiki, imeze na maji."

Behewa zima likacheka. "Marahaba, daktari," akasema, akakitia mfukoni. "Ikipona nitakuita."

Hakuniita, siku ile treni haikuondoka, na baadaye treni ya abiria ikakoma kabisa kabla sijasafiri nayo. Lakini nitaipanda tu, hata nikiwa bibi. Wewe uliyefika nayo Korogwe, niandikie: dirishani uliona nini?