Vitunguu vya Nargisi

Mercyline si mwoga, lakini Ijumaa ile aliogopa kweli.

Alikuwa na miezi kumi tu ya kumpikia Bi Masuda, mama wa Kiunguja aliyezeekea Al Baraha, Dubai. Bi Masuda ana wazimu mmoja, jamani: nargisi, maua ya nchi za baridi yanayoota kutoka kwenye tunguu. Dubai haina baridi ya kuziamsha, basi huvitia vitunguu vya maua yale frijini wiki kadhaa, ndipo avipande bakulini. Ikifika Februari nyumba inanukia mpaka kwenye lifti. Mercyline alipoanza kazi aliyakuta yamechanua, akayapenda mno. Yalikotokea hakuuliza.

Ijumaa hiyo vitunguu vya kachumbari viliisha. Akafungua friji, akaona vingine kwenye mfuko wa karatasi. Kwao Nyamira nani huweka vitunguu frijini? Mambo ya matajiri, akasema moyoni, akakata viwili. Havikumliza hata chozi, naye akashukuru. Mzee Zahor, mume wa Bi Masuda, alikuwa na mafua, hasikii harufu wala ladha. Akamaliza kibakuli peke yake.

Bi Masuda akarudi kutoka dukani na mfuko wa udongo, akafungua friji.

"Mercyline! Nargisi zangu mbili ziko wapi? Sumu zile!"

Yesu wangu! Akisema, ni jela. Akinyamaza, mzee atakufa. Na hapo hapo wakamsikia Mzee Zahor akitapika sebuleni.

"Madam, nimevikata mimi," akasema huku analia. "Nimemlisha mzee."

Hospitalini alikaa ameukumbatia mkoba wa madam. Alijiona mbele ya polisi, alijiona ndani ya ndege, alimwona mama yake akimpokea mikono mitupu. Lakini kilichomtisha zaidi ni ule mlango uliofungwa, na mzee nyuma yake. Mungu, asife tu, mengine nitayabeba.

Baada ya saa mbili daktari alitoka. Mzee atapona, alisema, ametapika karibu yote. Kisha akashika kalamu.

"Nani alivikata vitunguu hivyo? Lazima niandike."

Mercyline akasimama, akafungua mdomo.

"Keti, mwanangu," Bi Masuda akamwambia. Akamgeukia daktari, akasema kwa Kiarabu chepesi ambacho hata Mercyline alikielewa:

"Mimi. Uzee huu, macho hayaoni tena. Andika Masuda."