Mashine Mbili na Kibuyu cha Kogo

Mimi ukinipa kitu kipya, kusoma karatasi ya maelezo siwezi. Nachomeka, nabonyeza, kama itaungua basi tutajua. Kwa hivyo ile Jumatatu nilifika kwetu Kimumu na mashine mbili za kutengeneza biti, kitu ya kwanza nilifanya ni kusukuma karatasi zote chini ya kitanda.

Hizi si kompyuta. Ni kama boksi, juu iko na pedi za mpira za kugonga na vidole. Unarekodi sauti yoyote, mlango, mbwa, mtu akikohoa, unaiweka kwa pedi moja, halafu unaipiga kama ngoma. Tangu nimalize form four nilikuwa natengenezea biti kwa simu, na simu ilikuwa imenichosha. Vidole vinateleza kwa kioo, na kila kitu inasikika kama mtu anagonga mabati akiwa mbali.

Mwenye duka ni mama Msomali, anauza spika, redio na vitu zingine za umeme zilizotumika. Alinijua kwa sababu nilikuwa na tabia ya kuingia, kugusa kila kitu na kutoka. Tulikubaliana nimwachie kinanda changu cha zamani, na yeye anipe mashine moja. Sasa gani? Nilisimama hapo nikiangalia hii, nikiangalia ile, mpaka akachoka na mimi.

"Abaayo," akaniita, yaani dada kwa Kisomali, "hii ni duka, si maktaba. Beba zote mbili."

"Zote, Mama?"

"Zote, ujaribu. Moja irudi Ijumaa kabla nifunge niende swala. Nisipokuona, walahi nakuja kwenu, na nitakaa mpaka mnipikie."

Na nilikuwa na haraka ya ukweli. Jumamosi ilikuwa koito ya dada yangu, ile siku watu wa upande wa bwana wanakuja kwetu kuongea na wazee. Dada alinipa kazi moja tu, biti ya kutokea, ile atatoka nayo kwa nyumba na shangazi zetu, wageni wakimwangalia. Anko yetu, ambaye spika za sherehe ni zake, alikuwa ashasema kwamba mtoto akishindwa yeye ako na nyimbo tayari, zile za kila harusi hapa Eldoret. Dada hakutaka hata kuzisikia.

"Nataka yangu," aliniambia. "Isikike kama kwetu. Na usiniangushe."

Nikaanza na ile kubwa. Hiyo ni mashine, jameni. Iko na kioo pana unagusa na kidole, unaona sauti yako imelala hapo kama milima ya Kerio, unaikata unavyotaka. Ndani imejaa ngoma za kila aina. Na ukigonga vibaya inakunyoosha yenyewe, kila pigo linaenda pahali pake. Shida yake ni lazima iwe kwa stima, na ni nzito, ukiipakata miguu inakufa ganzi.

Ile ndogo kwanza niliidharau. Kioo chake ni kama kiberiti. Inakula bateri kama za tochi. Kila kitufe kinafanya kazi tatu, na bila zile karatasi za chini ya kitanda, kila ya tatu ilikuwa ajali. Lakini ilikuwa na kitufe kimoja cha ajabu. Nilikigundua wakati dada alifungua mlango akapiga kelele, "Wewe, zima hiyo takataka, watu wanaongea na simu!" Nikabonyeza tu kitu yoyote kwa hasira, na mashine ikamrudisha: "takataka, takataka, takataka." Sikuwa nimewasha kurekodi! Kumbe inakaa ikisikiliza kila wakati, na ukibonyeza hapo inakupa yaliyopita, mpaka dakika moja nyuma. Tulicheka mpaka akasahau simu. Lakini nikajiambia, hiyo ni mchezo, haisaidii mtu.

Kufika Jumanne jioni nilikuwa nimeamua. Kubwa inabaki, ndogo inarudi. Nikamwekea dada biti tatu safi kabisa. Alisikiliza zote na mikono kwa kiuno.

"Hizi ni za supermarket," akasema. "Hapa ndio wanatangaza mchele umeshuka bei."

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Ngoma ya chini hasa, ile pigo nzito ya kushika biti yote, kwa mashine zote mbili ilikuwa ya watu wengine, wa huko mbali.

Jumatano nikabeba mashine zote nikaenda kijiji cha Ziwa kwa kogo, nyanya yetu, kwa sababu yeye ndiye alikuwa anatayarisha mursik, maziwa lala ya kibuyu, ya wageni. Vibuyu vilikuwa vimepangwa kwa ukuta, maziwa imelala ndani na unga wa makaa wa kuipa ladha. Kabla ya kumimina, mursik inatingishwa ndio ilainike. Nilikua nikisikia hiyo sauti: chwa, chwa, chwa. Nilitaka hiyo.

Kogo alikubali kutingisha kimoja. Nikachomeka ile kubwa karibu na televisheni, nikamwekea maiki, akatingisha, nikaweka kwa pedi, nikamvalisha hedifoni juu ya kitambaa cha kichwa.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, kogo."

"Si mimi. Huyu anatingisha kama askari."

Ni ile tabia ya kunyoosha. Mkono wa kogo unavuta kidogo, unachelewa, halafu unakimbia, na mashine ilikuwa imemnyoosha akawa gwaride. Nilijua inaweza kuzimwa, lakini kitufe kiko wapi? Hiyo iko kwa karatasi, chini ya kitanda Kimumu. Nikahamisha maiki kwa ile ndogo. Hiyo haikumrekebisha. Ilimpa vile alivyo.

"Eee," akasema. "Huyu sasa ndio mimi. Lakini amechoka. Rudia."

Nikarudia. Hakupenda. "Tena." Kogo akisikia sauti yake anakuwa producer! Akatingisha, akasikiliza, akatoa kasoro, akatingisha, akabadilisha mkono. Mimi mwenye haraka ndio nikachoka kwanza. Nikaacha kurekodi, nikamimina chai, yeye akiendelea tu na kibuyu kwa magoti.

"Kogo, chai inapoa."

Hapo ndio sauti ikabadilika. Chwa, chwa, halafu ikawa nzito, kama kitu imekaa chini ndani ya kibuyu. Dub. Dub. Kogo akasimamisha mkono, akafungua, akachungulia.

"Imeshika," akasema. "Umenifanya nitoe siagi kwa mursik ya wageni."

"Mimi? Si ni wewe ulikuwa unasema tena, tena!"

"Na wewe si ungenikataza? Umesoma bure."

Lakini mimi sikuwa namwangalia tena. Ile dub ndio ngoma ya chini nilikuwa nimetafuta tangu Jumatatu, na sikuwa nimerekodi. Nikamwomba arudie. Akaniangalia kama mjinga. Siagi ikishashika imeshika, utaitingisha iwe nini? Karibu nilie, kikombe kwa mkono. Halafu nikaona maiki bado imechomekwa kwa ile ndogo.

Nikabonyeza kitufe cha takataka.

Kimya kidogo. Halafu: "Kogo, chai inapoa." Chwa, chwa. Dub. Dub. Niliruka, chai ikamwagika kwa sketi.

Ijumaa nilirudisha ile kubwa mapema. Mama wa duka alishangaa, watu wote huwa wanataka yenye kioo. Nikamsikilizisha biti.

"Hii ni nini inalia hivi?"

"Ni maziwa, Mama, kwa kibuyu."

"Maziwa ya ng'ombe," akasema, na huruma kwa sauti. "Ungekuja kwa nyanya yangu urekodi ya ngamia, ndio ujue ngoma."

Jumamosi anko alisimama kando ya spika zake na kidole tayari kuwasha nyimbo zake. Mimi nikachomeka boksi yangu ndogo kwa spika, bateri mpya. Dada akatokea mlangoni na shangazi. Biti ikaanza, na kwa muda nilioona mrefu hakuna mtu alisonga. Shangazi waliangaliana. Halafu kogo, nyuma yao wote, akacheka kwa nguvu, akaanza kusonga na ile kuchelewa kwake, kwa sababu huo ulikuwa mkono wake. Shangazi wakamfuata. Dada akapita karibu na mimi, hakusimama.

"Hii si ya supermarket," akasema.

Anko akaweka mkono mfukoni.

Mursik ya wageni ilitosha, vibuyu vilikuwa vingi. Na wakati wa baraka, kogo alipita akiwapaka wageni siagi kwa paji la uso, ile ile ya Jumatano. Alipofika kwangu alinipaka mimi, halafu akainama akapaka mashine. Nimefuta na kila kitu, lakini pedi ya kona mpaka leo inateleza. Na ndio nimeweka dub hapo.