Mbwa wa Mihogo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa teke na ndama kabla sijaitikiwa salamu. Ilikuwa joshoni, Fukayosi. Nilikwenda na doti mpya ya khanga, kwa sababu mama aliniambia kazi ya serikali haiendewi na nguo kuukuu. Kufika saa nne asubuhi doti ile imelowa dawa na samadi, na Bwana Mifugo wa Kata, mtu wa bara, mrefu kama mnazi, amesimama ukingoni ananitazama.

"Umesoma mpaka darasa la ngapi, binti?"

"La nne."

"Unaogopa ng'ombe?"

"Naogopa kurudi nyumbani bila kazi."

"Basi shika ndoo."

Ninyi vijana mnaliona josho limeota majani, mnadhani ni kaburi la zamani. Ni mtaro mrefu wa saruji, unajazwa maji yaliyochanganywa dawa. Ng'ombe anarukia upande huu, anazama mpaka pembe, anaogelea, anatokea upande wa pili anatiririka, na kupe wote wanakufa. Kupe ndiye mleta ndigana kali. Ng'ombe akiipata, tezi zinamvimba chini ya masikio, anahema kama mtu aliyefukuzwa na askari, na siku chache baadaye mnagawana ngozi. Kazi yangu ilikuwa kuwanywesha maji ng'ombe kabla ya kuogeshwa, maana mwenye kiu akitumbukia mle atakunywa dawa, na aliyekunywa dawa hafiki zizini. Kazi ya ndoo, mtu ataidharau. Lakini miaka yangu yote pale hakuna ng'ombe aliyekufa kwa kunywa dawa ya josho. Hata mmoja.

Bwana Mifugo yule ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa haandiki kitu mpaka amegusa. Anaingiza mkono kinywani mwa ng'ombe, anavuta kope, ananusa mavi. Siku moja mfugaji anamweleza ng'ombe wake anavyokula vizuri, na huyo ng'ombe mbavu unazihesabu. Bwana Mifugo akanigeukia: "Mama, ng'ombe hadanganyi. Mwenye ng'ombe ndiye anayedanganya. Mtazame ng'ombe kwanza, mwenyewe utamsikiliza baadaye." Neno hilo nimelibeba. Siku niliyolihitaji kwangu mwenyewe sikulitumia.

Kutoka Fukayosi nilipelekwa Kiwangwa, kwenye kuku. Huko adui ni kideri. Kuku anajikunyata, shingo inapinda, kinyesi cha kijani, kesho asubuhi banda zima limelala. Chanjo yake ni tone moja kwenye jicho. Unamshika kuku alfajiri kabla hajafunguliwa, unadondosha, unangoja apepese. Asipopepesa hujachanja, umemwosha uso. Wanawake wa Kiwangwa walinicheka mwanzo, wakisema kuna mwanamke anawatia kuku wanja. Kideri kilipopita na kuku wao wakabaki, wakaacha kucheka, wakaanza kuniletea mananasi mpaka ulimi ukachubuka.

Halafu nikaletwa Zinga, nyumbani kwetu, kuchanja mbwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Hapo ndipo hadithi yangu ilipo.

Sisi watu wa pwani, wa dini, hatufugi mbwa. Hivyo ndivyo tunavyosema. Mate ya mbwa ni najisi, akikugusa na umajimaji unaosha mara saba, moja kwa udongo. Lakini mihogo inaliwa na nguruwe pori, mahindi yanaliwa na tumbili, na nguruwe hamwogopi mtu aliyelala. Kwa hiyo kila shamba lina mbwa. Anapewa ukoko na dagaa, analala chini ya kichanja, na hana mwenyewe. Siku ya chanjo, kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, wazee walikuja na kamba ndefu hizo, mbwa yuko kule, mzee yuko huku anatazama pembeni.

"Mbwa wa nani, mzee wangu?"

"Simjui. Ananifuata tu."

"Na hiyo kamba?"

"Kamba ni yangu. Mbwa simjui."

Wengi hawakuja kabisa, kwa kuliogopa swali lile mbele za watu. Nikalibadilisha. Nikawa siulizi mbwa wa nani. Nauliza: mbwa analinda nini? Hapo ndimi zikafunguka. "Huyo analinda mihogo ya kule bondeni." "Huyu wa mikorosho." Nikaandika hivyo hivyo kwenye daftari: mbwa wa mihogo, mbwa wa mikorosho, mbwa wa minazi. Mganga wa Mifugo wa Wilaya, bosi wangu wakati huo, mwanamke mdogo kwangu kwa umri na mkali kama siki, alilisoma daftari akacheka mpaka akavua miwani. Akaniambia, "Bibi, hili swali lako limechanja mbwa wengi kuliko sindano yangu." Nilitembea na maneno hayo kama mtu aliyevikwa joho.

Na mimi nilikuwa na mbwa.

Marehemu baba yetu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na kaka yangu akarithi chuo. Mimi mjane, naishi ua mmoja na kaka na mkewe, wifi yangu. Shamba la mihogo la baba tulilima pamoja, mimi na wifi. Mbwa alijileta mwenyewe, mwekundu, sikio moja limechanika, akakaa. Wifi akamwita Mpangaji, kwa kuwa hana kwake na kodi halipi.

Wifi yangu ndiye alikuwa mtani wangu, rafiki yangu, na mdomo wangu nikikosa la kusema. Nikirudi kazini ananipokea mlangoni: "Wifi, kaa upande wa chini ya upepo, unanuka beberu." Nami namjibu, "Nanuka mshahara, wewe unanuka moshi." Tukicheka kaka anakohoa kule barazani, tunyamaze, wanafunzi wanasoma.

Asubuhi ya siku ya chanjo aliniuliza, "Nimfunge kamba Mpangaji nimlete uwanjani?"

Nikamwambia, "Umlete watu waone binti wa mwalimu anafuga mbwa? Mwache. Nitamchoma mwenyewe shambani jioni."

"Haya, bwana mkubwa. Wa wenzio uwanjani, wako kichakani."

Alisema kwa mzaha. Ukweli ulikuwa wote mle ndani.

Nikaweka kando dozi yake. Watu walikuwa wengi, jua kali, na nilipomaliza barafu yote ndani ya boksi ilikuwa imegeuka maji ya uvuguvugu. Chanjo iliyopata joto haifai, unamchoma mnyama maji matupu na kumpa mwenyewe matumaini ya uongo. Sijawahi kuchoma chanjo ya moto maishani mwangu. Nikaimwaga, nikajiambia duru ijayo. Duru ijayo ikaja, nikajiambia hivyo hivyo. Mbwa wa kijiji kizima wana sindano, isipokuwa wa mchanjaji.

Masika yalipoanza, wifi alikwenda kumpa Mpangaji ukoko, mbwa akamdaka kifundo cha mkono. Si kuuma kwa kuuma, jino limekwaruza, damu kidogo. Niliporudi kutoka kazini nikamkuta amekaa uani, kaka amemsimamia mwenyewe: mara saba, moja kwa udongo, maji safi juu yake.

"Twahara imepita, wifi," akaniambia, ananionyesha mkono. "Sasa nasali hata na malaika."

Nilijua la kufanya. Nataka mlielewe hili vizuri, kwa sababu watu wananiambia, bibi, ulikuwa hujui. Nilijua kuliko mtu yeyote Zinga. Aliyeng'atwa anakwenda hospitali siku hiyo hiyo akachomwe, na mbwa anafungwa na kuangaliwa siku kumi. Lakini hospitali wanauliza: mbwa wa nani, alichanjwa? Kisha wanaiandikia ofisi ya mifugo. Barua ile ingefika kwenye meza ya bosi wangu, naye angenipa mimi niende nikamtafute mwenye mbwa.

Nikachukua nusu ya kanuni. Nikasema, "Tumwangalie mbwa."

Siku ya tatu Mpangaji hakuwepo shambani. Nilimtafuta mpaka mtoni. Bakuli lake lina ukoko wa juzi, umevimba kwa mvua. Mbwa mgonjwa wa kichaa hutangatanga, huo ni ukurasa wa kwanza wa kazi yangu. Nikarudi nyumbani, nikamwambia wifi, "Twende hospitali kesho."

Akacheka. "Kwa mkwaruzo huu? Umeshapona, tazama. Kesho napalilia."

Sikumsukuma. Nilishusha pumzi. Huo ndio ukweli wangu mbele ya Mungu: alipokataa, nilifurahi.

Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni alipoanza kusema mkono unamwasha kwa ndani, pale pale palipopona. Siku mbili baadaye, asubuhi, nilimpelekea chai ya mdalasini. Akakipeleka kikombe mdomoni, koo likakaza, mkono ukakitupa. Akakitazama kikombe kilichovunjika, kisha akanitazama mimi.

"Wifi," akasema, "maji yananifukuza."

Koo la namna ile kwa mbwa nimeliona, kwa ng'ombe nimeliona. Ugonjwa ukishafika hapo hauna dawa, si ya hospitali si ya miti. Tulimpeleka hospitali, mimi na kaka. Daktari, kijana mpole, akamtazama, akatutoa nje kwenye benchi.

"Aling'atwa lini?"

"Masika yalipoanza," kaka akajibu.

"Mbwa wa nani?"

Kaka akafungua mdomo aseme mbwa wa shamba. Nikamtangulia. "Wangu."

"Alichanjwa?"

"Hapana."

Akaandika. Akauliza bila kuinua kichwa, "Na wewe, bibi, unafanya kazi gani?"

"Nachanja mbwa."

Akaliandika na hilo.

Wifi alifariki siku ya tatu. Waosha maiti waliogopa, na siwalaumu. Mimi nimechanjwa kwa ajili ya kazi, nikavaa glavu zangu za ofisini, nikamwosha na mwanamke mmoja jasiri wa jirani akinimiminia maji. Mkono ule niliushika muda mrefu. Jirani akanigusa bega, akasema, "Bibi, imeshatosha. Geuza upande."

Baada ya hitma kaka aliniita barazani. Alikuwa amekonda. Akasema, "Mimi ndiye niliyemwosha lile jeraha. Nilihesabu mpaka saba nikamwambia basi. Mimi ndiye niliyemwambia basi."

Ningeweza kumwachia. Alikuwa amekwishaubeba mzigo wote, mimi nilitakiwa kunyamaza tu. Nikakumbuka benchi la hospitali, nikaona aibu ya kunyamaza ni kubwa kuliko ile ya mbwa. Nikamweleza yote: dozi niliyoimwaga, siku kumi, Mpangaji kupotea, na furaha yangu wifi alipokataa kwenda.

Akaniuliza swali moja tu. "Ulijua?"

"Nilijua."

Akainuka, akaenda kutawadha.

Niliandika barua ya kuacha kazi kwa mwandiko wangu wa darasa la nne. Mganga wa Mifugo wa Wilaya alikuja mwenyewe na pikipiki. Akaitia barua mfukoni. "Hii nitaisoma kesho. Leo niambie mbwa yule alikuwa akitembelea mashamba gani." Tukazunguka siku tatu, shamba kwa shamba, matope mpaka magotini. Watu wengine wawili waliokwaruzwa tuliwapata, wakapelekwa kuchomwa, na wote wawili wako hai. Barua yangu hakuitaja tena, nami sikuthubutu kumuuliza.

Nikaendelea mpaka nikastaafu. Kila siku ya chanjo, kabla sijafungua boksi, nilisimama mbele ya watu nikasema: nilikuwa na mbwa, nikamwonea haya, akaniulia mtu. Mara ya kwanza sauti ilinikatika. Mara ya kumi nilisema kama ninayetangaza bei ya chumvi, na hilo nalo lilinitisha. Lakini kamba za wazee zilizidi kuwa fupi.

Sasa niko nyumbani. Magoti yamekwisha, mkono wa kushikia sindano unatetemeka. Mjukuu wangu mmoja anasomea mifugo, na huyo ni fahari yangu, nawaambia mpaka wauza samaki. Aliniomba niandike kazi ilivyokuwa zamani, awasomee wenzake. Nadhani alitaka josho na kuku. Basi wajukuu, andikeni na hili. Mtu akiumwa na mbwa, au akilambwa penye kidonda, mwosheni kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima msichoke, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Twahara ni ya sala, sindano ni ya uhai, na moja haikatazi nyingine. Na mkiulizwa mbwa wa nani, jibuni.

Kaka yuko hai, mzee sana. Salamu ananipa, na kila Idi ananitumia haluwa. Kwangu hajala tangu mwaka ule, hata maji. Simlaumu. Kabla ya kuandika haya nilikwenda barazani kwake nikamwomba ruhusa, nikamwambia nitaficha jina la marehemu, nitaandika wifi tu, watu wasimseme.

"Uliwahi kuficha," akasema. "Liandike. Lote."

Aliitwa Mwanahamisi binti Jumaa Mwinyimkuu.