Masomo Niliyoandika kwa Mkono Wangu, Leo Ni ya Aliyekuwa Mchumba Wangu

(Mwenye kisa ameomba tumfiche. Msomeni mpaka mwisho kabla ya kumjibu.)

Habari zenu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nina mume na watoto watatu, tunalima kahawa na migomba kwenye kibanja chetu huku Karagwe. Haya ninayoandika mume wangu anayajua nusu. Wiki ya pili sasa chakula hakishuki kwa kinyaa.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa mradi mmoja Nyaishozi, huku huku Karagwe. Ofisi ilikuwa na kompyuta moja ya kutumia sola. Mgeni mmoja wa kujitolea alipoondoka aliacha makaratasi aliyoyachapa kutoka mtandaoni huko kwao, masomo mafupi ya HTML, ile lugha ya kutengenezea kurasa za tovuti. Somo moja, karatasi moja. Mtandao hatukuwa nao, ila ukurasa ukiuandika sawasawa unafunguka kwenye kompyuta hiyo hiyo. Nilikuwa nabaki baada ya kazi, kamusi mapajani. Siku jina langu lilipotokea kwenye kioo kwa rangi ya bluu, nililitazama hadi umeme ukaisha. Nikaanza kuandika masomo yangu ya Kiswahili kwenye daftari, mafupi vilevile, kwa mifano ya kwetu. Kwenye somo la kufungua na kufunga alama niliandika, "Ukisahau kufunga, umeacha kibanja wazi, mbuzi wa Ma Koku atamaliza migomba." Ma Koku alikuwa jirani yetu, na huyo mbuzi alitutesa kweli.

Deo, si jina lake halisi, alikuwa mfanyakazi mwenzangu na mchumba wangu. Alikwishakuja kujitambulisha kwa baba. Alipopata nafasi ya kusoma Dar es Salaam akaniambia, "Nipe hilo daftari, nikalitoe kitabu chenye jina lako." Nikampa. Ilikuja barua moja, kisha kimya, hadi nikasikia ameoa. Nililia, nikapona, nikaolewa.

Mwezi uliopita binti yangu wa mwisho, anayejifunza kutengeneza tovuti kwa simu, aliniita jikoni. "Mama, njoo umsikie huyu mwalimu. Utafikiri ni mtu wa kwetu." Ilikuwa video ya dakika tatu. Nikamwona Deo, ana mvi na koti la gharama, anasema, "Umeacha kibanja wazi, mbuzi wa Ma Koku atamaliza migomba." Binti yangu akacheka. Mimi nilijisikia kama mtu aliyekuta mgeni amevaa nguo zake za ndani. Nilizitazama video zote peke yangu. Ni daftari langu, somo kwa somo. Hata pale nilipokosea, amekosea.

Nikatafuta namba yake, nikampigia. Hakukana. Alisema taratibu, kama anayembembeleza mtoto, "Dada yangu, yale yalikuwa makaratasi tu. Wewe ulikuwa karani. Nani angekubali kufundishwa kompyuta na karani wa Nyaishozi?" Nikamuuliza kwa nini basi hakubadilisha hata neno moja. Akacheka. "Watu wanayapenda hivyo hivyo. Tena nakuja huko Jumamosi kugawa vyeti kwa vijana. Nitakutaja mbele ya watu, kwamba ulikuwa unanipikia chai ofisini na kunitia moyo." Nilikata simu nikanawa mikono, sijui kwa nini.

Sasa tatizo langu ni hili. Binti yangu amemaliza masomo hayo ya Deo kwenye simu, ni mmoja wa watakaopewa vyeti, na Deo ameahidi kumchukua kujifunza kazi ofisini kwake Dar. Mtoto hajui lolote. Nikisimama niseme ukweli, daftari sina, ushahidi wangu ni mbuzi. Watasema huyu ni mwanamke aliyeachwa, bado ana donge, na mwanangu atakosa nafasi. Mume wangu naye atajua kwamba niliwahi kuposwa. Nikinyamaza, nampeleka mtoto wangu wa kumzaa akamwite mwalimu mtu anayenitia kichefuchefu.

Jana jioni binti yangu alichaguliwa kusoma hotuba ya kumkaribisha. Akaja na kalamu na karatasi. "Mama, wewe unajua kupanga maneno, niandikie." Nimeandika mistari miwili ya kumsifu, kisha nikaweka kalamu chini. Karatasi iko hapa mezani, na anaihitaji kesho.

Ndugu zangu, mama zangu, naombeni busara zenu. Nimalizie kuiandika, au nimwite mtoto akae chini nimwambie?