Mafuta ya Ini la Papa

Kabla ya kumzaa Zuhura nilikuwa mzima kabisa. Nilipanda na kushuka milima ya Mlola na mzigo wa kabichi kichwani, wala sikujua kuumwa kichwa kukoje. Siku hizo kijiji chetu kilikuwa kimepata duka la ujamaa. Likaletwa kopo kubwa la mafuta ya ini la papa, tukaambiwa yana vitamini, yanamrudishia mzazi nguvu. Muuzaji alimpimia kila mtu kwenye chupa yake ya nyumbani, kopo likabaki dukani na maandishi yake.

Mama mkwe ndiye aliyeniuguza uzazi. Asubuhi na jioni alinitilia kijiko cha mezani cha mafuta hayo kwenye uji. Mimi mkwe wa kukataa nilikuwa nani? Nikanywa, miezi ikapita.

Kichwa kikaanza. Halafu nikatapika, midomo ikapasuka ikatoa damu, ngozi ya viganja ikabanduka, nywele zikabaki kwenye kitana. Mifupa ya miguu iliniuma hata nikashindwa kuchuchumaa chooni.

"Damu imekuishia, mwanangu," mama mkwe akasema, akaongeza kijiko cha pili.

Kadiri nilivyozidiwa ndivyo alivyozidisha. Nikawa naona vitu viwili viwili. Nilimtazama mwanangu nikiogopa nitakufa kabla hajaijua sura yangu.

Nikapelekwa hospitali, Lushoto. Daktari akauliza, "Unatumia dawa gani?"

"Situmii dawa," nikajibu. Kwetu mafuta yale yalikuwa chakula.

Hata wodini mama mkwe alikuwa akiniletea uji wake. Kisha mvua ikafunga njia, akakwama nyumbani, nami bila uji ule nikapata nafuu. Alipofika, muuguzi akanusa uji aliouleta.

"Shikamoo, mama. Umetia nini humu?"

"Marahaba. Mafuta ya nguvu."

"Kipimo chake?"

"Chupa yangu haina maandishi, mwanangu."

Daktari akatueleza kuwa vitamini ile ikizidi mwilini ni sumu. Mama mkwe akaketi sakafuni.

"Kumbe ni mimi niliyekuwa nakuua," akasema. Tukalia wote wawili.

Nilipona polepole. Kwenye mkutano wa kijiji mama mkwe, ambaye hakuwahi kusema mbele ya wanaume, alisimama akataka kopo liletwe lisomwe. Likasomwa: kijiko cha chai kimoja kwa siku. Toka hapo hakuna aliyepimiwa bila kusomewa.

Namshukuru Mungu, nawashukuru walionitibu, na yeye pia namshukuru. Ndugu yangu, daktari akikuuliza, mtajie kila unachomeza. Na usimeze kitu cha kuongeza nguvu bila kujua kipimo chake, hata kama aliyekupa anakupenda. Aliyenipa mimi alinipenda sana.